Somo: Kopo lako la vitafunwa mbele ya mchunguzi wa hataza

Nane Nane ikikaribia, wajasiriamali wengi wa Dodoma huwa wanamalizia vifungashio vipya vya kupeleka Nzuguni: makopo ya karanga, vikasha vya zabibu kavu, chupa za ubuyu wa rangi. Somo hili ni lao, na ombi langu la kwanza nalitanguliza kabla ya hatua yoyote. Kama kifungashio chako kina jambo jipya ndani yake, usikipange mezani wala usiweke picha yake mtandaoni kabla hujawasilisha ombi la ulinzi. Ukishakitangaza mwenyewe, picha yako inaweza kuwa ushahidi wa kukunyima hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuuza uvumbuzi wako. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipojitangaza mwenyewe, lakini Ulaya haitoi nafasi hiyo ila kwa mambo machache sana. Anayetaka kulindwa katika nchi zaidi ya moja na afuate kanuni iliyo kali kuliko zote. Fundi wa moldi, mchoraji na yeyote ambaye lazima akione, asaini kwanza mkataba wa kutunza siri.

Nitatumia mfano mmoja niliotunga kwa ajili ya somo. Aliyewahi kula ubuyu ndani ya basi la Singida anaijua tabu yake: utamu unaisha mdomoni, mbegu inabaki, na pa kuitupia hapana. Tuseme dada mmoja amebuni kopo lenye vyumba viwili, cha juu cha ubuyu, cha chini cha mbegu zilizokwisha kunyonywa.

Hatua ya 1: Amua unalinda sura au unalinda utendaji

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Usajili wa usanifu wa bidhaa hulinda namna kinavyoonekana: umbo, mistari, mapambo. Kopo la dada yetu likiwa na sura ya tunda la mbuyu, sura hiyo ni usanifu. Namna mbegu inavyoingia chini bila kurudi juu ni ya hataza. Kitu kimoja kinaweza kuombewa vyote viwili, ila kwa maombi tofauti.

Kwenye usanifu, michoro ndiyo ombi lenyewe. Marekani, ambako usanifu nao hupewa hataza ya aina yake inayodumu miaka 15 tangu itolewe, mistari isiyokatika huonyesha kinachodaiwa, na mistari ya vipande huonyesha kisichodaiwa. Mwombaji akichora mfuniko kwa mistari isiyokatika hali alichokitaka ni umbo la kopo tu, mshindani atabadilisha mfuniko na kujitetea kwamba sura yake ni nyingine. Mchoro usiachiwe mtu asiyeelewa unachodai.

Hatua ya 2: Andika dai kabla ya kitu kingine chochote

Mchunguzi, yaani afisa wa ofisi ya hataza anayepima ombi lako, hapimi wazo lako. Anapima dai, yaani ile sentensi ndefu inayotaja viungo vyote vya uvumbuzi. Maelezo yanaweza kujaza kurasa, lakini haki yako itakaa ndani ya sentensi hiyo. Kwa kopo letu tungeanza hivi:

*Chombo cha kubebea vitafunwa, chenye chumba cha juu cha kuwekea vitafunwa; chumba cha chini cha kupokea mabaki, kinachofunguliwa peke yake; mfuniko wenye matundu mawili, moja la kutolea kitafunwa na jingine la kuingizia mabaki; bomba linalopita ndani ya chumba cha juu na kuunganisha tundu la mabaki na chumba cha chini; na vilimi vya mpira mwishoni mwa bomba hilo, vinavyoruhusu mabaki kuingia na kuyazuia yasirudi.*

Tazama kwamba ubuyu haukutajwa, wala plastiki, wala kipimo. Ukiandika "kopo la plastiki la ubuyu", mwenye kopo la bati la karanga atapita pembeni yako akikupungia mkono.

Sasa livunje dai vipande na kila kipande ukipe herufi: A chumba cha juu, B chumba cha chini, C matundu mawili, D bomba, E vilimi. Kazi yote inayofuata itasimama juu ya herufi hizi.

Hatua ya 3: Tafuta yaliyokwisha kutangazwa

Usiseme "sijawahi kukiona sokoni Majengo". Mchunguzi haangalii Majengo peke yake. Anaangalia hataza za dunia nzima, majarida, katalogi na kurasa za maduka ya mtandaoni, hata kama bidhaa yenyewe haijawahi kufika Tanzania. Hata hataza iliyokwisha muda wake miaka mingi iliyopita bado inahesabika, kwa sababu ilishatangazwa.

Vifaa vya kutafutia ni vya bure: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na Google Patents. Hati nyingi ziko kwa Kiingereza, Kichina, Kijapani na Kijerumani, na hilo huwatisha watu bure. Kila hati hupewa namba ya kundi, na namba haina lugha. Vyombo vya kuhifadhia na kusafirishia viko chini ya B65D. Vyenye vigawanyo ndani utavikuta B65D 25/04. Vikasha vya kubebea chakula cha mchana viko A45C 11/20. Ingiza namba, ongeza neno moja au mawili ya Kiingereza, kisha angalia michoro. Mchoro wa Kijapani unasomeka vizuri tu na mtu wa Chamwino.

Tenga siku nzima kwa hatua hii, na ukiweza rudia siku nyingine ukiwa na akili iliyotulia. Utakutana na vyombo vya mbegu za alizeti vyenye chumba cha maganda, maana Marekani wanaozitafuna wana tabu ileile ya mla ubuyu. Utakutana pia na vikombe vya vitafunwa vya watoto vyenye vilimi laini kwenye mfuniko, ambamo mkono unaingia lakini chakula hakimwagiki. Usivunjike moyo. Kila unachokipata sasa ni kitu ambacho mchunguzi hatakushtukizia nacho baadaye.

Kumbuka pia kwamba ombi jipya kwa kawaida hutangazwa baada ya miezi 18 tangu tarehe lilipowasilishwa mara ya kwanza. Yapo maombi ambayo leo hayaonekani na mtu yeyote wa nje, kwa hiyo hakuna utafutaji unaokupa uhakika kamili.

Hatua ya 4: Pima kama dai ni jipya, kisha pima kilicho kigumu zaidi

Chora jedwali. Juu weka herufi A hadi E, pembeni weka kila hati uliyoipata. Tuseme hati ya kwanza, chombo cha alizeti, ina A na B. Hati ya pili, kikombe cha mtoto, ina A na E.

Upya ni hesabu rahisi: je, ipo hati *moja* yenye vipande vyote vitano? Haipo. Basi dai ni jipya.

Wengi hufurahi na kuishia hapo, na barua ya mchunguzi ikifika huona wameonewa. Lipo swali la pili, la hatua ya uvumbuzi, yaani kama jambo hilo lisingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida, na hapo mchunguzi anaruhusiwa kuunganisha hati. Anamfikiria fundi wa kawaida wa vifungashio, mwenye hati ya kwanza mkononi, anayesumbuliwa na maganda yanayomwagika kopo likipinduka. Je, fundi huyo asingechukua vilimi vya kikombe cha mtoto akavitia humo? Kwa maoni yangu angevichukua. Kwa hiyo E haitakuokoa, hata kama ndicho kipande unachokipenda kuliko vyote.

Nguvu ya dai hili iko kwenye C na D zikiwa pamoja. Katika chombo cha alizeti, ili uingize ganda lazima ukipindue au ufungue upande wa pili. Bomba likipita ndani ya chumba cha juu, mlaji anatoa ubuyu na kuingiza mbegu upande uleule, kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika bomba la basi. Faida hiyo ya kiufundi lazima iandikwe kwenye maelezo tangu siku ya kwanza. Ukishawasilisha, huruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwemo.

Chini ya dai kuu panga madai tegemezi, yaani yanayobeba dai kuu lote na kuliongezea jambo: bomba lenye mdomo mpana juu, chumba cha chini kinachofungwa kwa kuzungushwa, na kadhalika. Dai kuu likiangushwa, una pa kurudi.

Hatua ya 5: Wasilisha, kisha jibu barua

Nchini, ombi hupelekwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Njia ya pili ni ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, Tanzania ikiwemo. ARIPO hufanya uchunguzi wa kina wa hataza, na ikikubali, kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema kama haitaitambua. Kwa kuwa Tanzania imo kwenye Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa miliki za viwandani, tarehe uliyowasilisha ombi lako la kwanza inakulinda kwa miezi 12 upande wa hataza, na miezi 6 tu upande wa usanifu, ukitaka kuomba nchi nyingine.

Barua ya kwanza ya mchunguzi ikija na pingamizi, soma hati alizozitaja, zijaze kwenye jedwali lako, uone ni kipande gani amedai kimo na kumbe hakimo. Usimwandikie kwamba kopo lako ni zuri au linanunuliwa sana. Mwandikie: "Hati ya kwanza haina D, kwa sababu maganda huingia kupitia ubavuni." Kama yuko sahihi, punguza upana wa dai kwa kuliingiza dai tegemezi ndani ya dai kuu. Na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua iheshimu kuliko kitu chochote, maana ombi likihesabiwa limeachwa, ubora wake hautazamwi tena.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Kibaigwa, nauza karanga. Kopo langu halina ufundi wowote, ila umbo lake ni la kibuyu na wateja wanalitambua kwa mbali. Nina haki gani?*

Marahaba mama. Wewe ni wa usanifu, hataza haikuhusu. Kibuyu chenyewe ni umbo la zamani, kwa hiyo angalia ni nini umekiongeza: shingo, mikunjo, namna mfuniko unavyokaa. Hicho ndicho kionekane kwenye michoro, ila kwa umbo ambalo tayari unaliuza huenda umechelewa, kwa hiyo ombi liwe la sura ambayo bado hujaionyesha. Na jina unalouzia lisajili kama alama ya biashara, maana hilo linaweza kudumu kwa kuhuishwa hata usanifu ukiisha muda.

*Nasoma UDOM. Nikichukua kopo lililopo la plastiki nikalitengeneza kwa mwanzi, si litakuwa jipya?*

Jipya, ndiyo, kama hakuna aliyekwisha kulitangaza. Lakini kubadilisha malighafi peke yake mara nyingi huangushwa na lile swali la hatua ya uvumbuzi. Uonyeshe kwamba mwanzi umeleta matokeo ambayo fundi asingeyatarajia, na uyaonyeshe kwa vipimo vya maabara. "Ni rafiki kwa mazingira" haitoshi.

*Kaka, nimeona ombi la Marekani la chombo kinachofanana kabisa na kile tunachotumia huku Kondoa tangu zamani. Tutanyang'anywa?*

Hapana. Hataza ya Marekani haina nguvu Kondoa, endeleeni kukitumia. Lakini ukitaka kuzuia isitolewe, tangu Septemba 2012 sheria yao inamruhusu mtu yeyote kumpelekea mchunguzi nyaraka zilizochapishwa, pamoja na maelezo mafupi ya uhusiano wake na madai. Zipelekwe kabla ombi halijakubaliwa, na ndani ya miezi sita tangu litangazwe au kabla ya madai kukataliwa mara ya kwanza, ipi itakayochelewa. Hadi nyaraka tatu hakuna ada kwa anayepeleka mara ya kwanza. Tatizo lenu ni kwamba mazoea ya kijijini yasiyoandikwa hayapelekeki kwa njia hiyo. Tafuteni picha zenye tarehe, ripoti za makumbusho, chochote kilichochapishwa.

*Nilishauza kopo langu mwaka juzi pale Sabasaba. Nimechelewa?*

Kwa toleo hilo, ndiyo dada, na pole sana. Usilipie ombi lake. Lakini kama una toleo lililoboreshwa ambalo hujalionyesha, anza nalo hatua ya 2, na kopo lako la zamani liwe hati ya kwanza kabisa kwenye jedwali.

*Hataza ikitoka, bado nahitaji kibali cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania)?*

Ndiyo. Hataza haisemi kama plastiki yako ni salama kwa chakula.