Mambo ya kuzingatia kabla ya kusakinisha kiendelezi cha VS Code

Kiendelezi cha VS Code, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kihariri hicho cha msimbo, hakifungiwi mahali pa peke yake. Kinafanya kazi kwa ruhusa zile zile za kihariri, yaani zako: kinasoma faili zako, kinaanzisha programu nyingine, kinatuma data nje. Kwa hiyo anza na kilicho karibu nacho. Ufunguo wa SSH (wa kuingilia seva ukiwa mbali) usio na nenosiri ukinakiliwa hutumika papo hapo, uwekee nenosiri. Faili za .env zenye siri za seva halisi zisikae kwenye kompyuta unayojaribia vitu.

Jina usiliamini haraka, kwa kuwa jina la kuonyeshwa huigwa na idadi ya upakuaji huongezwa kwa hila. Alama ya bluu kando ya jina la mchapishaji nayo inathibitisha kwamba anamiliki tovuti fulani, basi.

Kinachosaidia zaidi ni kukifungua. Faili ya .vsix, yaani kifurushi cha kiendelezi, ni zip ya kawaida: ipakue, ifungue, soma package.json, faili ya maelezo yake. Chini ya activationEvents ukikuta nyota peke yake, kiendelezi kinaamka kila unapofungua kihariri. Tazama pia extensionDependencies na extensionPack, maana huko ndiko viendelezi vingine huingilia pamoja nacho. Kiendelezi cha kubadilisha rangi tu hakihitaji "main", mstari unaotaja msimbo wa kuendeshwa. Kikiwa nayo, mimi sikisakinishi. Msimbo wenyewe mara nyingi umebanwa hausomeki, lakini unaweza kutafuta child_process (njia ya kuanzisha programu nyingine) na anwani za intaneti usizozitarajia.

Ulichokagua ni toleo la leo. Masasisho huja yenyewe, na akaunti ya mwandishi inaweza kuibwa au kuuzwa, hivyo zima usasishaji wa moja kwa moja kwa viendelezi usivyovijua vizuri.

Tangu 2021 VS Code huuliza kama unawaamini waandishi wa folda unayoifungua. Mradi wa kupitia tu, kataa. Kuna kazi zinazoweza kuwekwa zijiendeshe folda inapofunguliwa. Ila ulinzi huo hauzuii kiendelezi kiovu ulichokisakinisha mwenyewe. (Watumiaji wa Vim, kihariri kingine, wasicheke: kabla ya toleo 8.1.1365, kufungua faili ya maandishi iliyotegwa kungeweza kutosha kuendesha amri ya mtu mwingine.)

Mwisho, andika mapema orodha ya funguo na tokeni zako zote na mahali pa kuzifuta. Kiendelezi kibaya kikishaingia, kukiondoa hakurudishi kilichokwisha kutumwa, na hizo funguo utazibadilisha ukiwa kwenye kompyuta nyingine.