Kabla ya Kumwaga Oili ya Giaboksi ya Pikipiki ya Stima

Ukifika Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ukamwambia mwenye duka unataka oili ya pikipiki, atakunyoshea chupa ya lita moja ya 20W-50 bila kukuuliza swali. Kwa pikipiki ya petroli kama Boxer hajakosea. Kwa pikipiki ya stima, chupa hiyo inaweza kuwa oili isiyofaa na kwa kipimo kisichofaa. Tena ziko pikipiki nyingi za stima hapa Nairobi ambazo hazina hata mahali pa kuimimina. Kazi yenyewe ya kumwaga na kujaza haifiki saa moja. Kinachoamua kama itaenda vizuri ni mambo unayoyapanga kabla spana haijagusa bolti, na hayo ndiyo nataka tuyapitie.

La kwanza ni kujua kama pikipiki yako ina giaboksi ya oili. Chuchumaa ukague gurudumu la nyuma. Ukiona waya mnene unaingia kwenye ekseli, katikati ya gurudumu, na hakuna cheni wala mkanda, mota imo ndani ya gurudumu lenyewe. Hapo hakuna oili ya kubadilisha. Aina chache za mota hizo zina gia ndogo ndani, lakini hizo hupakwa grisi kiwandani na si kazi ya nyumbani. Kama mota iko katikati, chini ya miguu yako, na inavuta gurudumu kwa cheni au mkanda, kuna mambo mawili: ama cheni imeshikana moja kwa moja na mota, na hapo pia hakuna oili, ama kati ya mota na cheni kuna kisanduku cha gia. Kisanduku hicho ndicho tunachozungumzia. Kawaida kina bolti moja chini kabisa ya kumwagia, nyingine juu ya kujazia, na mara nyingine ya tatu ubavuni inayoonyesha kiwango.

Usifungue bolti kwa kubahatisha. Bolti nyingi zilizo kwenye mwili wa mota zinashikilia mfuniko unaozuia maji, na ukilegeza moja tu, mvua ya Aprili itapata njia. Kitabu cha pikipiki kina mchoro. Kama uliuziwa bila kitabu, mwandikie aliyekuuzia, umtumie picha ya ubavu wa mota na namba ya modeli, umwombe akuonyeshe bolti ipi ni ipi. Subiri jibu kabla ya kwenda kununua chochote.

Ukiwa unawasiliana naye, uliza pia kuhusu waranti na mkataba. Waendeshaji wengi hapa jijini wamechukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku, na betri si yao, wanabadilisha tu kwenye vituo. Mikataba mingine inataka kazi ya giaboksi ifanywe na mafundi wa kampuni. Kama wako unasema hivyo na waranti bado inaishi, wapelekee. Oili ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mota utakayolipia mwenyewe kwa sababu ulifungua mahali palipokatazwa.

Sasa oili yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi hupotezwa na mazoea ya petroli.

Oili ya pikipiki ya petroli hutumikia mabwana watatu: injini, klachi na gia. Ina dawa za kubeba masizi ya moto, na imetengenezwa ili klachi isiteleze. Giaboksi ya stima haina masizi wala klachi. Kwa kawaida ina seti ya gia zinazopunguza mwendo wa mota, kwa sababu mota huzunguka kwa kasi kubwa kuliko gurudumu. Lakini gia hizo zinabeba mzigo wa aina yake. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kusokota tangu gurudumu limesimama. Ukiwa na abiria na gunia la viazi, ukang'oa kutoka kwenye taa za Westlands kupanda kuelekea Kikuyu, meno ya gia yanapigwa na mzigo wote kwa mara moja. Ukishuka na pikipiki inarudisha chaji kwenye betri, mzigo unageuka na kukaa upande wa pili wa meno hayohayo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza oili ya gia, kwa mfano 75W-90 au 80W-90, na wengine huagiza oili nyepesi kama ya giaboksi za otomatiki za magari. Fuata iliyoandikwa kwa modeli yako, si ya jirani yako wa steji.

Namba hizo zisikutishe. Ngazi ya oili ya gia si sawa na ngazi ya oili ya injini, kwa hiyo 90 ya gia si nzito maradufu ya 40 ya injini. Kwa joto la kazi, uzito wa 90 ya gia unakaribiana na 40 au 50 ya injini. Kwa hiyo anayekuambia "hiyo 90 ni nzito sana, itakula chaji" anapima kwa ngazi isiyo yake. Kilicho muhimu zaidi ni maandishi GL-4 au GL-5 kwenye chupa, yanayoonyesha daraja la oili ya gia. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi, zinazozuia meno kusagana yakibanwa sana. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kula sehemu za shaba, kwa hiyo kama kitabu kimesema GL-4, usichukue GL-5 kwa kufikiri kwamba namba kubwa ndiyo bora.

Dukani, sema mapema: "Boss, hii ni ya pikipiki ya stima, nataka oili ya gia," kisha umwonyeshe picha ya ukurasa wa kitabu kwenye simu. Angalia kama pete ya kifuniko haijakatwa na kama kuna alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pamoja na namba yake. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Oili bandia ipo mjini na chupa zake zinapendeza macho.

Kipimo ni jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki ya stima alishike. Pikipiki ya kawaida ya boda ya petroli hunywa karibu lita moja, na mkono wa fundi umezoea kumimina chupa yote. Giaboksi nyingi za stima zinataka sehemu ndogo tu ya lita hiyo. Ukizidisha, gia zinapiga oili mpaka inatoa povu, inapata joto, na shinikizo linaisukuma kupita sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Upande wa pili wa sili ile kuna mota. Oili ikifika huko inakusanya vumbi, inaharibu vihisi (sensa) na nyaya za ndani, na hakuna moshi wa kukuonya. Kwa hiyo nunua bomba kubwa la sindano kwenye duka la dawa, lile la mililita 50 au 60, pamoja na kipande cha mpira mwembamba unaoingia kwenye ncha yake. Kwa bomba hilo utajaza kwa hesabu, na mpira utafika kwenye tundu ambalo faneli haiwezi kukaa. Kama giaboksi yako ina bolti ya kiwango, pikipiki lazima isimame wima juu ya ardhi sawa. Ikiegemea stendi ya pembeni, kipimo kinadanganya.

Tafuta pia chupa safi ya plastiki inayoonyesha ndani, uiwekee alama za mililita kwa kalamu. Hiyo ni ya oili ya zamani. Oili iliyotoka ina habari, na bila chupa ya kuipima utaikosa. Ikiwa kitabu kinasema mililita 300 na zimetoka 200, kuna mahali inavuja, na kuweka mpya bila kutafuta mahali hapo ni kuahirisha tatizo. Rangi nayo isomwe upya: hapa weusi wa masizi usiutarajie, kwa hiyo usingoje iwe nyeusi ndipo uibadilishe. Kijivu chenye kung'aa ni unga wa chuma, na mara ya kwanza ya kubadilisha unakuwa mwingi kwa sababu meno mapya yanazoeana. Bolti ya kumwagia mara nyingi ina sumaku kwenye ncha, nayo itakuwa imevaa uji laini wa kijivu. Ufute, usiuogope. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hiyo si kazi ya oili tena. Funga, umwite fundi anayezijua mota hizi.

Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Hapa Nairobi maji hayo huingia kwa njia mbili. Moja ni mafuriko: giaboksi ikiwa na joto ikazama ghafla kwenye maji baridi ya barabarani, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au kwenye sili iliyochoka. Nyingine ni kaosha, pale pikipiki na magari yanapooshwa. Pampu ya shinikizo ikielekezwa karibu na sili za mota asubuhi baada ya asubuhi, sili inashindwa. Kama umepita kwenye maji mengi wakati wa masika, nunua oili ya kutosha mara mbili, kwa sababu ukikuta maziwa utajaza, utaendesha kidogo, halafu utamwaga tena.

Kabla ya siku yenyewe, rekodi kwa simu mlio wa mota kwenye barabara tulivu. Injini ya petroli huficha kelele za gia, lakini pikipiki ya stima haikufichi kitu, na ukiwa na mlio wa kabla utaweza kuulinganisha na wa baada.

Kuhusu usalama wa umeme sitazunguka. Betri ya volti 72 ikijaa hufika karibu volti 84, na spana ikiunganisha ncha zake mbili itarusha cheche na kukuunguza. Zima swichi, toa funguo, ondoa betri kabisa uiweke mahali pakavu mbali na kazi, kisha subiri dakika kadhaa kwa sababu kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) za kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza mota, hubaki na chaji baada ya betri kutoka. Vua pete na saa. Kuna sababu nyingine ya kutoa betri: pikipiki hii ikiwa imewashwa haingurumi, na mtoto wa ploti akipita akishika akselereta, gurudumu litazunguka vidole vyako vikiwa karibu na cheni. Lakini kumbuka mpangilio. Oili hutoka vizuri ikiwa vuguvugu, hasa asubuhi za Julai, kwa hiyo endesha kwanza dakika kumi hivi, ndipo uzime na kutoa betri.

Mahali pa kazi, katika nyumba zetu za kupanga, panahitaji maneno kabla ya vyombo. Ongea na keateka, yule anayesimamia ploti. Mwambie ni kazi fupi, utatandika maboksi na plastiki, na sakafu itabaki kama ulivyoikuta. Chagua sehemu tambarare, isiyo na mtaro karibu, yenye mwanga. Tayarisha soketi ya ukubwa kamili au ufunguo wa aleni, karai pana lisilo refu, matambara, na maji yenye sabuni. Tone moja la oili kwenye tairi la nyuma au diski ya breki linaweza kukuangusha kwenye kona ya kwanza, kwa hiyo funika tairi na diski kwa plastiki kabla ya kulegeza chochote. Kama pikipiki yako ina mkanda badala ya cheni, funika mkanda pia.

Nunua washa mpya, zile pete bapa zinazokaa chini ya kichwa cha bolti, za bolti zote mbili. Washa hizi hubonyea ili kuziba, na ya zamani haizibi vizuri mara ya pili. Usiongeze gundi ya silikoni, vipande vyake hukatika na kuingia kwenye gia. Kisanduku ni cha alumini na bolti ni ya chuma, hivyo ukikaza kwa hasira nyuzi za alumini ndizo zitakazonyofoka. Azima spana ya kupimia mkazo kutoka gereji unayoijua, na uandike namba ya newton-mita, yaani kiasi cha kukaza bolti, kwenye karatasi utakayoibandika mbele yako. Juu ya karatasi hiyohiyo andika: bolti ya kujazia ifunguliwe kwanza. Ikigoma au ikivunjika kichwa, bado una oili ndani na unaweza kuendesha hadi kwa fundi. Ukitangulia kumwaga, unabaki na pikipiki tupu isiyojazika.

Panga kazi hii siku ambayo huhitaji pikipiki hadi kesho yake, ikiwezekana asubuhi ya siku ambayo maduka yako wazi, ili washa ikikosa kukaa uweze kutuma mtu.

Na oili chafu itakwenda wapi? Amua kabla haijatoka. Mtaro wa ploti unaishia kwenye mito yetu, Ngong, Mathare au Nairobi wenyewe, na mito hiyo inaingia Athi, ambako chini huko watu na mifugo wanategemea maji hayo. Wengine huichukua kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, lakini mvua huiosha ikaingia ardhini vilevile. Gereji nyingi kubwa na vituo vya mafuta vinavyobadilisha oili ya magari vina pipa la oili iliyotumika linalochukuliwa na wakusanyaji wenye leseni. Pita kwenye kilicho karibu nawe, uulize kama watapokea chupa yako iliyofungwa vizuri, isiyochanganywa na maji wala petroli, na saa ngapi uilete.