Master ya Ujerumani: piga hesabu ya hela kwanza, barua ya maombi baadaye

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa tano simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu, "kaka nasikia Ujerumani chuo bure, naanzia wapi?" Na mimi huwa nawajibu kwa swali, kwenu kuna milioni 30 na ushee inayoweza kukaa mahali mwaka mzima bila mtu kuigusa? Hapo naona tiki mbili za bluu, kimya. Wengine wananuna kabisa wanadhani nawabania. Sibanii mtu, ila nimeona watu wamepata admisheni safi kabisa wakaishia kuifungia kwenye fremu ukutani kwa sababu hela walianza kuitafuta baada ya barua kuja, na muda huo ulikuwa umeshaisha.

Tuanze na hiyo bure. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani kweli havichukui ada, hata kwa mgeni. Unalipa mchango wa semesta tu, kuanzia euro 100 na kitu hadi 400 hivi kutegemea chuo, na mara nyingi ndani yake kuna tiketi ya basi na treni kwa hiyo sio hela iliyopotea. Ila jimbo la Baden-Württemberg, yani Stuttgart, Heidelberg, Karlsruhe, Freiburg na jirani zao, tangu 2017 wanamtoza mwanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kila semesta. Na chuo cha ufundi cha München (TUM) nacho kuanzia semesta ya baridi ya 2024/25 kimeanza kutoza, na kwa master ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa semesta. Sasa mtu anachagua TUM kwa sababu jina linasikika halafu anakuja kushtuka. Angalia ukurasa wa chuo chenyewe, usimsikilize ajenti. Na ajenti anayekuomba milioni 3 za "kukufanyia procesi" kimbia, hii kazi unaifanya mwenyewe na simu na bando.

(Wa form six wanaotaka digrii ya kwanza: njia yenu ni ngumu zaidi, kozi nyingi ni za Kijerumani na wengine hupitishwa kwanza Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi na mtihani mwishoni. Mimi naongelea master.)

Kuaplai kwenyewe. Masomo yanaanza Oktoba. Dedilaini inayotajwa sana ni tarehe 15 Julai, lakini kozi nyingi za Kiingereza za kimataifa zinafunga mapema, zipo za Machi na zipo zinazofunga Januari, kwa hiyo anza kutafuta mwaka mmoja kabla. Kozi unazipata kwenye tovuti ya DAAD (shirika la Ujerumani la skolashipu na kubadilishana wanafunzi), unachuja lugha Kiingereza, ngazi master, ada hakuna. Vyuo vingine unaomba moja kwa moja, vingine vinapitisha maombi kwa uni-assist, hawa ni kama karani wa pamoja, wanakagua vyeti vyako ndo wanapeleka chuoni. Wanachaji euro 75 kwa chuo cha kwanza na euro 30 kwa kila kinachofuata semesta hiyohiyo, yani vyuo vitano ni euro 195. Hela hairudi hata ukikosa. Na wanaweza kuchukua wiki nne hadi sita, kwa hiyo wewe unayetuma tarehe 14 Julai usiku ukisubiri bando la usiku, utajua hujui.

GPA. Wajerumani wanahesabu kinyume, 1.0 ndo bora na 4.0 ndo umepita kwa kudra. Kubadilisha: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa GPA yako, gawa kwa (alama ya juu toa alama ya chini ya kupita), zidisha 3, jumlisha 1. Sisi Bongo juu ni 5.0, chini ya kupita ni 2.0. Mwenye GPA 3.8: 5 toa 3.8 ni 1.2, gawa kwa 3 ni 0.4, mara 3 ni 1.2, jumlisha 1 inakuwa 2.2. Kozi nyingi zinataka 2.5 au bora zaidi, na 2.5 ya kwao ni GPA 3.5 ya kwetu, yani apa sekondi. Mwenye 3.2 usikate tamaa ila usipoteze euro 75 kwa kozi iliyoandika 2.5 wazi.

Vyeti sasa, na hapa ndo Waswahili tunakwama. Majina. Cheti cha form four kimeandikwa Ally, paspoti Ali. Cheti cha chuo kina majina matatu, cha kuzaliwa kina mawili, la babu limeachwa. Kwetu hakuna anayejali, mwalimu aliandika alivyosikia. Kule karani anaona watu wawili tofauti. Rekebisha mapema, cheti cha kuzaliwa RITA, kiapo cha majina kwa wakili, na paspoti (sh. 150,000) iwe ya mwisho, ifuate jina lililoko kwenye cheti cha digrii. Transkripti omba chuoni kabla hujaihitaji, mnajua wenyewe ofisi za rekodi zilivyo, njoo kesho, aliyeshika muhuri yuko semina. Kiingereza, vyuo vingine wanataka IELTS, vingine wanakubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza, uliza kwa imeili kabla hujalipia mtihani, mimi niliuliza wakanijibu barua inatosha nikaokoa hela nzuri tu.

Haya, hela. Ubalozi hauangalii benki stetimenti ya mjomba. Unaweza kuthibitisha kwa skolashipu, au kwa ndugu aliyeko kule akasaini karatasi ya kukubeba inayoitwa Verpflichtungserklärung kwenye ofisi ya wageni ya mji wake akionyesha mshahara wake, au kwa njia ya wengi ambayo ni Sperrkonto. Hii ni akaunti ambayo hela ni yako ila huigusi, unaweka euro 11,904 kwa mkupuo, ukifika wanakutolea 992 kila mwezi kwa miezi 12. Kiasi hicho ndo kilichowekwa tangu Septemba 2024, huwa kinapanda, kagua tena kabla hujatuma. Unafungua onlaini kwa kampuni kama Expatrio au Fintiba ukiwa Dar au Mwanza, wanakupa namba ya akaunti, wewe unaenda benki kutuma.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mimi nilituma 11,904 kamili, sio senti zaidi. Nikatoka benki natembea kifua mbele. Wiki ikapita, naingia kwenye akaunti naona hela imefika ila pungufu, benki ya katikati ambayo hata sikujua ipo imekata chake njiani, na kwa upungufu huo hawatoi cheti cha kuonyesha ubalozini kwamba hela imetimia. Ikabidi nitume tena nyongeza, na ada ya kutuma hiyo nyongeza ilikuwa kubwa kuliko nyongeza yenyewe, na miadi ya ubalozi ilikuwa siku nne mbele. Nililala macho wazi. Kumbe kwenye fomu ya benki kuna kiboksi cha nani analipa gharama, kimeandikwa OUR (unalipa zote wewe mtumaji), SHA (mnagawana na mpokeaji), BEN (anakatwa mpokeaji), na dada wa kaunta aliniwekea SHA bila kuniuliza. Mwambie OUR, na uongeze euro 100 juu, ikibaki haipotei inabaki yako. Sehemu ya maelezo andika ile namba ya marejeo waliyokupa, herufi kwa herufi. Nenda na barua ya admisheni maana benki watakuuliza hela inaenda kufanya nini, na usiondoke bila karatasi ya SWIFT, ile inayothibitisha hela imetumwa. Hesabu yako ya shilingi usiifanye kwa reti ya Google, uliza benki wanauza euro kwa bei gani siku hiyo, kwenye kiasi hiki tofauti ya shilingi 60 tu ni zaidi ya laki 7.

Kuna watu wanakopa hiyo hela wakijua "nikifika naitoa nairudisha". Haitoki kwa mkupuo ndugu yangu, labda viza ikataliwe au uahirishe safari na ubalozi wakuandikie. Ukikopa kwa kausha damu riba inakula huku wewe unapewa 992 kwa mwezi, utarudishaje? Familia nyingine wanachanga, shangazi milioni 2, kaka 5, SACCOS ya mama 10, hiyo sawa ila muandikishane inarudi vipi na lini.

Kama hakuna kabisa, lenga skolashipu tangu mwanzo. DAAD wana mpango wa EPOS kwa watu wa nchi zinazoendelea, wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili baada ya digrii, na isiwe imepita zaidi ya miaka sita tangu uipate digrii. Dedilaini zake nyingi zinaangukia kati ya Agosti na Oktoba ya mwaka mmoja kabla, kwa hiyo mwenye kazi halmashauri au NGO mwenye miaka yake mitatu, huo mchongo ni wako kuliko wa fresha.

Viza ni euro 75, ubalozi uko Umoja House pale Mirambo, katikati ya Dar. Omba miadi mara tu unapopata admisheni, usisubiri Sperrkonto ijae. Watakuuliza kwa nini kozi hii na utarudi kufanya nini, jibu kwa maneno yako, ile barua ya motisha uliyokopi kwa rafiki inajulikana.

Ukishafika. Zile 992 hazianzi siku ya kwanza. Lazima usajili makazi manispaa, ufungue akaunti ya kawaida, ndo uunganishe, na foleni ya manispaa inaweza kuwa wiki mbili tatu. Wakati huo hosteli wanataka kodi na dipoziti, bima wanataka kama euro 140 kwa mwezi (hiyo ni ya aliye chini ya miaka 30, ukivuka bei ya mwanafunzi huipati), na baadaye inakuja barua ya euro 18.36 kila mwezi ya redio na televisheni, ndiyo hata kama TV huna, mimi ya kwanza niliitupa nikidhani matapeli, ikaja ya pili na faini. Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na kima cha chini 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, 2026 kimepanda 13.90, lakini mji mdogo bila Kijerumani utatafuta kazi hiyo hadi Krismasi. Kwa hiyo njoo na euro 1,000 hadi 1,500 mkononi nje ya Sperrkonto, na koti usinunue Kariakoo, nunua huku Ujerumani la mtumba.