Somo: Siku ya kuingia Marekani na viza ya uhamiaji, na maombi yanayofuata

Wakuu, somo hili ni la wale ambao viza ya uhamiaji imeshabandikwa kwenye pasipoti: wa bahati nasibu ya DV, wa ndoa, walioombewa na mzazi au mtoto. Nani apewe viza na nani anyimwe ni mambo ya wanasiasa, yanageuka kila kukicha, hayo siyagusi. Nazungumzia safari, dirisha la afisa, na maombi utakayokuja kuyapeleka baadaye, kwa sababu wengi huyaharibu siku ile ile ya kwanza bila kujua.

Hatua ya 1: Kabla ya ndege

Soma tarehe ya mwisho ya viza. Kwa kawaida ni miezi sita, lakini huhesabiwa kutoka siku ya kipimo cha afya, siyo siku ya usaili. Aliyepimwa mapema akachelewa kupewa viza anaweza kujikuta amebakiwa na miezi mitatu tu. Panga uwe umeshafika mbele ya afisa kabla ya tarehe hiyo.

Lipa mtandaoni ada ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 235 kwa kila mtu. Usipolipa utaingia vizuri tu, ila kadi yako ya ukaazi, yaani grini kadi, haitachapwa.

Ukipewa bahasha iliyofungwa ubalozini, usiifungue hata kwa kuchungulia. Hiyo ni ya afisa wa mpakani. Siku hizi wengi hawapewi kwa kuwa faili hutumwa kwa mfumo wa kompyuta, kwa hiyo usihangaike ukiikosa. Picha ya eksirei ya kifua, kama ulipewa, iwe kwenye mzigo wa mkononi. Na mwombaji mkuu aingie kwanza au aingie pamoja na familia. Mke na watoto hawawezi kumtangulia, maana haki yao inaning'inia kwenye yake.

Hatua ya 2: Dirishani

Kwa kawaida ukaguzi hufanyika uwanja wa kwanza unaogusa ardhi ya Marekani, hata kama tiketi inaendelea mji mwingine. Mabegi utayachukua hapo, utapita forodha, kisha utayarudisha kwa shirika la ndege. Ndege ya kuunganisha iwe mbali kidogo. Mimi husema pengo la saa nne, na walionibishia walilala kwenye viti.

Afisa wa kwanza atachukua alama za vidole na picha, atauliza unakwenda kukaa wapi, kisha mara nyingi atakupeleka chumba cha pembeni. Usishtuke, si kukamatwa. Mule ndimo faili hufunguliwa na wewe kuandikwa mkaazi wa kudumu. Ataulizia anwani: mpe iliyo kamili, yenye namba ya nyumba na posta, kwa kuwa kadi itatumwa huko. Simu ifunge. Kama Kiingereza kinakukwama, omba mkalimani, ni bora kuliko kuitikia usichokielewa.

Hatua ya 3: Usiondoke kabla ya kusoma muhuri

Hapa ndipo somo lilipo. Muhuri una tarehe ya kuingia, na kundi lako huandikwa kwa mkono, kama DV1 (mshindi wa bahati nasibu), IR1 (mwenzi wa raia) au F22 (mtoto wa mkaazi wa kudumu). Viza ile ikigongwa muhuri inakuwa ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mmoja. Maneno hayo yamechapwa juu yake. Bila muhuri unabaki na karatasi ya kuingilia tu.

Sisi tulipoingia, afisa alirudisha pasipoti tatu zikiwa zimebanana kwenye raba. Nilizifungua nikiwa nasubiri mabegi. Ya mke wangu ina muhuri, ya mtoto ina muhuri, yangu nyeupe! Nilirudi mbio hadi kwa mlinzi wa mlangoni, jasho linanitoka, naye kwa huruma zake akanirudisha ndani. Ningetoka nje ya zile kuta ningekuwa na kazi ya miezi.

Wa ndoa waangalie herufi. Ndoa isiyotimiza miaka miwili siku ya kuingia ni CR1, yenye kadi ya miaka miwili, na utalazimika kupeleka fomu I-751, ya kuondoa sharti hilo la miaka miwili, ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Sasa, kama viza iliandikwa CR1 lakini ndoa imetimiza miaka miwili ukiwa unajiandaa kusafiri, toa cheti cha ndoa dirishani na umwombe afisa aandike IR1. Sentensi moja tu, inakuokolea mzunguko mzima wa fomu na ada.

Hatua ya 4: Wiki za mwanzo

Namba ya hifadhi ya jamii huja kwa posta kama uliiomba kwenye DS-260, ile fomu ya maombi ya viza. Isipofika baada ya wiki tatu, nenda ofisini kwao na pasipoti. Kadi inaweza kuchukua hadi siku 90. Ukihama, toa taarifa USCIS kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10. Vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 wajiandikishe Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30.

Hatua ya 5: Maombi ya baadaye

Mkaazi wa kudumu anaweza kumwombea mwenzi na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, kwa fomu I-130. Wazazi na ndugu ni mpaka uwe raia. Mtoto wako akifunga ndoa kabla hujawa raia, ombi lake linakufa, halina kundi la kuhamia. Na mwenzi au mtoto uliyemficha kwenye DS-260 atakusumbua ukija kumwombea, kwa sababu afisa wa I-130 ataweka fomu mbili mezani na kuzilinganisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimeuza kiwanja, nina dola 12,000 taslimu. Watazichukua?
Jibu: Hakuna kikomo cha kuingiza pesa. Zikizidi 10,000 unazitangaza, na familia inayosafiri pamoja huhesabiwa pamoja. Zinazochukuliwa ni zilizofichwa. Beba na hati ya mauzo.

Swali: Mimi ni DV, nimeoa baada ya kupata viza. Nisafiri tu?
Jibu: Wasiliana na ubalozi kabla ya kusafiri. Ndoa iliyofungwa kabla hujaingia inampa mkeo nafasi ya kukufuata, lakini viza za DV hufungwa Septemba 30, hazingoji. Ila kama viza yako ni ya mtoto wa mkaazi ambaye hajaoa, ndoa hiyo imeshaiua. Ukiingia nayo umedanganya.

Swali: Kaka, nilikaa nyumbani miezi nane namuuguza mama. Niliporudi afisa alitaka nisaini karatasi, nikakataa. Nilikosea?
Jibu: Hukukosea, dada, na pole kwa kuuguza. Ile ni I-407, ya kuachia ukaazi kwa hiari. Una haki ya kupeleka suala lako mbele ya jaji wa uhamiaji. Ukivuka miezi sita nje, tegemea maswali, kwa hiyo tunza vyeti vya hospitali, kodi ya nyumba, barua ya kazini. Safari ndefu ijayo, omba kibali cha kurudi kwa I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani. Kinaweza kudumu miaka miwili.

Swali: Grini kadi inaniondolea viza ya Ulaya?
Jibu: Hapana. Kanada na Meksiko utaingia kwa kadi na pasipoti yako, ila Shengeni utaomba viza kama zamani, sasa kwenye ubalozi mdogo wa huko unakoishi.