Jinsi ya kutambua molekuli changamano za kaboni katika mawingu ya gesi kati ya nyota

Wanaastrokemia huiita molekuli ya kaboni "changamano" ikifikisha atomu sita. Methanoli (CH3OH) inagusa kizingiti hicho. Benzonitrili (C6H5CN), yenye atomu 13, imekipita mbali. Molekuli hizi hujizungusha kwa ngazi maalumu za nishati, na kila inaposhuka ngazi hutoa wimbi la redio lenye masafa yake. Kinachotafutwa ni seti nzima ya masafa hayo, ambayo kila moja huonekana kama mstari kwenye spektra, yaani mchoro wa nguvu ya redio kwa kila masafa. Mstari mmoja peke yake hauthibitishi kitu.

Kwanza hakikisha molekuli yako ina dipoli, yaani upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na mwingine hasi. Benzeni haina kwa sababu ya ulinganifu wa umbo lake, hivyo haina mistari ya mzunguko ya kunaswa na darubini ya redio. Ndiyo maana mwanaastrokemia Brett McGuire na wenzake waliitafuta benzonitrili, ambayo ni benzeni yenye kundi la CN na hivyo ina dipoli, na mwaka 2018 wakatangaza kuipata katika wingu la TMC-1 kwa darubini ya Green Bank ya mita 100, Marekani.

Wingu na orodha ya masafa

TMC-1, katika kundinyota la Taurus, lina joto la kelvini 10 hivi na mistari yake ni myembamba, upana wa takriban 0.3 km/s (upana wa mstari hupimwa kwa kasi), kwa hiyo haigongani. Sagittarius B2(N), karibu na kitovu cha galaksi yetu, ina utajiri mkubwa zaidi wa molekuli, lakini kiini chake kina joto linalopita kelvini 100 na mistari hupandana kila mahali. Anayeanza afanye mazoezi kwenye wingu baridi.

Chukua masafa ya maabara kutoka CDMS au JPL, ambazo ni orodha za mistari ya molekuli, kisha soma safu ya kosa la kipimo kabla ya kitu kingine. Kosa la 0.1 MHz kwenye 20 GHz ni sawa na 1.5 km/s, yaani mara tano ya upana wa mstari wa TMC-1. Masafa ya namna hiyo hayafai kwa wingu baridi. Yanahitaji kupimwa upya maabara. Kumbuka pia kwamba ukali wa mistari katika orodha hizo umekokotolewa kwa kelvini 300. Kwenye kelvini 10 mistari yenye nguvu huwa mingine kabisa, tena ya masafa ya chini, kwa hiyo kokotoa upya kabla ya kuomba muda wa darubini.

Kisha rekebisha kwa kasi ya wingu: masafa yatakayopokewa = masafa ya maabara × (1 − v/c), ambapo v ni kasi ya wingu na c ni kasi ya mwanga. TMC-1 ina takriban 5.8 km/s, Sagittarius B2(N) ina takriban 64 km/s, kiasi cha kuushusha mstari wa CH3CN (asetonitrili) wa 110.383 GHz kwa karibu 23.6 MHz.

Muda na kelele

Kelele = joto la mfumo ÷ √(upana wa chaneli × muda). Joto la mfumo ni kelele ya kipokezi na anga ikipimwa kama joto; chaneli ni kipande kimoja cha masafa kwenye spektra. Kwenye 20 GHz mstari wa 0.3 km/s una upana wa kHz 20, basi chaneli isizidi kHz 5. Mfumo ukiwa na kelvini 50 na ukitaka kelele ya millikelvini 2, hesabu inatoa saa 35. Ukitumia nusu ya muda kutazama anga tupu na kutoa tofauti, zidisha kwa nne. Kuhamisha masafa badala ya kuhamisha darubini huokoa nusu ya gharama hiyo, ila kila mstari huacha kivuli hasi pembeni. Kwenye spektra iliyosongamana usithubutu.

Asiye na darubini atumie hifadhi ya ALMA, mtandao wa darubini za redio nchini Chile: data nyingi huwa wazi kwa wote baada ya miezi 12, na programu ya CASA ya kuzichakata ni ya bure.

Kusafisha spektra

Mawimbi yanayorudi kati ya sahani na kipokezi huacha mawimbimawimbi kwenye msingi wa spektra. Ficha mistari kwanza, ndipo ulinganishe msingi kwa polinomia ya daraja la chini. Daraja la juu humeza mistari halisi na kuumba ya uongo. Kama kipokezi kinachanganya bendi mbili, sogeza osileta (chanzo cha masafa ya rejea cha kipokezi) kwa MHz chache: mstari unaohama umetoka bendi ya pili.

Kielelezo, kisha mashaka

Ondoa kwanza molekuli zinazojulikana. Kwenye wingu la joto pima joto kwa CH3CN, kwa sababu mistari yake ya J=6–5 (ya kushuka kutoka ngazi ya mzunguko ya 6 hadi ya 5) imekaa jirani sana karibu na 110.38 GHz na hivyo makosa ya urekebishaji huiathiri kwa usawa. Ikiwa imejaa, kwa maana kwamba gesi ya nje inafunika ya ndani, tumia ile yenye kaboni-13.

Sasa tengeneza kielelezo cha molekuli yako kwa wingi, joto, ukubwa wa chanzo, upana na kasi, ukikilinganisha na bendi yote. Tafuta mistari inayopaswa kuwapo lakini haipo. Hapa ndipo glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, ilipoangukia: mwaka 2003 ilitangazwa kwa mistari 27 katika mawingu ya Sagittarius B2, Orion KL na W51; mwaka 2005 Lewis Snyder na wenzake wakaonyesha kwamba mistari muhimu ya kuithibitisha haikuonekana. Mstari mmoja wenye nguvu, usiofunikwa na mwingine, ukikosekana, dai limekufa, hata kama mingine kumi imelingana.

Mistari ikizama yote chini ya kelele, ipange kwenye mhimili wa kasi na uijumlishe, kama ilivyofanywa kwa sianonaftalini (molekuli za pete mbili za kaboni zenye kundi la CN) za TMC-1 mwaka 2021. Tupa kwanza kila kipande chenye mstari wa molekuli nyingine, halafu rudia jumla kwa masafa ya kubuni. Yakikupa kilele pia, kilele chako cha kwanza hakina thamani.

Usipopata kitu, chagua mstari wenye nguvu zaidi usioguswa na mwingine, kokotoa kikomo cha juu kwa mara tatu ya kelele, na uandike joto ulilolidhania, kwa kuwa kikomo hicho hubadilika nalo.