Samaki wa Tangi Akiugua, Anza na Maji

Mfugaji wa samaki wa mapambo akimwona samaki wake amejitenga pembeni, mapezi yamebana mwilini, kitu cha kwanza ni kukimbilia dukani kuulizia dawa. Anarudi na kichupa cha maji ya bluu, anamimina kwa kukadiria, na kesho yake asubuhi samaki wawili wanaelea. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi baada ya hatua hiyo. Nikipima maji, mara nyingi nakuta hapakuwa na ugonjwa wa kuambukiza hata kidogo. Samaki walikuwa wanaungua kwa uchafu wao wenyewe, na dawa ikawaongezea mzigo.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, kabla ya kufungua chupa yoyote, badilisha robo ya maji kwa maji yaliyoandaliwa yenye joto lilelile, ongeza hewa, na simamisha chakula kwa siku moja. Kisha kaa mbele ya kioo uwatazame kwa dakika kumi. Samaki anayepumua juujuu kwa haraka, matamvua yake yakiwa mekundu sana au ya rangi ya kahawia, analalamikia maji.

Sumu isiyoonekana

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua, na mabaki ya chakula yanayooza huongeza nyingine. Kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wema wanaoishi ndani ya sponji ya chujio na kwenye changarawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka mpaka watoshe kazi. Mtu anayenunua tangi Jumamosi na kutia goldfishi sita siku hiyohiyo amewahamishia kwenye nyumba isiyo na choo. Anza na samaki mmoja au wawili, na kipimo cha amonia na cha nitraiti kisome sifuri kabla hujaongeza wengine.

Wenye siklidi, wale samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wawe waangalifu zaidi ya wengine. Samaki hawa wanaovuliwa Kigoma na kupendwa duniani kote wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati na juu yake si asidi) inayokaribia 9, na ndivyo wanavyopaswa kutunzwa. Lakini amonia hubadilika ukali kulingana na pH. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. pH ikifika 8 inakuwa asilimia 5 hivi, na ikifika 9 inapita theluthi moja. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho goldfishi wangekistahimili kinaweza kumaliza tangi zima la siklidi usiku mmoja.

Bakteria wema huuawa kwa njia mbili ninazokutana nazo kila mara. Ya kwanza ni kuosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka itakate. Usiitakatishe. Ikamulie ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, matope yatoke, uirudishe. Ya pili ni umeme kukatika. Maji yakiacha kupita ndani ya chujio lililofungwa kwa saa kadhaa, bakteria hukosa oksijeni, hufa na kuoza, na umeme ukirudi uozo huo husukumwa wote kwa samaki. Ukiona giza linarefuka, toa sponji uiweke wazi tangini, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu ili yachukue hewa. Ukimudu pampu ndogo ya betri, inunue kabla ya kununua samaki mwingine.

Kabla ya kutiwa tangini, maji ya bomba yakae kwenye ndoo pana iliyo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke, na ukitia pampu ya hewa hutoka vizuri zaidi. Maji ya kisima hayana shida hiyo ya klorini, ila mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo nayo yapigwe hewa kwanza.

Vidoa vyeupe

Huu ndio ugonjwa halisi ninaouona kuliko mwingine wote. Samaki anaonekana kama amenyunyiziwa chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, anajisugua kwenye mawe na kwenye mabomba. Kimelea chake kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Hukolea joto linaposhuka ghafla, ndiyo maana wafugaji wa Arusha, Iringa na Mbeya waukague kwa makini kuanzia Juni hadi Agosti, maji yanapopoa usiku.

Goldfishi dume wakati wa kuzaliana huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu. Hiyo si maradhi, asitiwe dawa.

Kutibu vidoa vyeupe kunahitaji kujua maisha ya kimelea chenyewe. Kile kidoa unachokiona kimejichimbia chini ya ngozi, na hapo dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka, kinajifunika sakafuni, kinagawanyika na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki. Ni hao watoto tu ndio wanaouawa na dawa, nao wasipompata samaki kwa siku mbili hivi hufa wenyewe. Maji yakiwa ya nyuzi 25, mzunguko wote huchukua takriban wiki moja. Maji ya baridi huurefusha sana. Anayetia dawa siku tatu, akaona vidoa vimetoweka na kuacha, amewaachia wale waliojifunika sakafuni waanze upya. Endelea mpaka wiki moja ipite tangu kidoa cha mwisho kilipoondoka.

Mimi huanza na chumvi ya mawe safi, gramu 3 kwa kila lita. Tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa 30 na maji ya kina cha 30 lina lita 54, kwa hiyo linahitaji gramu 162. Igawe mara tatu, gramu 54 kila mara, yaani vijiko tisa hivi vya chai vilivyosawazishwa. Iyeyushe pembeni kwanza, na uitie kwa kupishana saa 12. Ukitoa lita 15 za maji, rudisha chumvi ya lita 15 tu, gramu 45. Maji yaliyopungua kwa kukauka hayaondoki na chumvi, hivyo unapoyafidia usiongeze. Mimea ihamishe. Samaki wasio na magamba, kama jamii ya kambale, wape nusu ya kiwango hicho. Kupandisha joto taratibu mpaka nyuzi 30 husaidia, ila maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo hewa iongezwe. Dar es Salaam mwezi wa Februari huna haja ya kupasha chochote.

Dawa za dukani zenye rangi ya kijani, za malakaiti, hufanya kazi kwa vidoa hivi, lakini ni kali. Zisiguse kamwe bwawa la sato au kambale wa kuliwa.

Pamba mdomoni

Ukiona utando mweupe kama pamba, usifikiri ni ukungu kila mara. Ukungu wa kweli huota juu ya kidonda cha zamani, manyoya yake marefu yanapepea, nao huenda polepole. Pamba fupi iliyozunguka mdomo, au baka la kijivu mgongoni kama tandiko la punda, mara nyingi ni bakteria wa Flavobacterium columnare, na huyu anaweza kuua kwa siku moja au mbili. Hapa joto ni adui: usipandishe, likiwa juu lishushe kidogo kidogo. Samaki huyo mtenge na umwite daktari wa mifugo mapema.

Kufungua kapsuli ya tetrasaiklini ya binadamu na kuimwaga tangini ni desturi inayonisikitisha. Kwenye maji magumu dawa hiyo hushikwa na madini ya kalisi na kupoteza nguvu, huku bakteria wa chujio wakidhurika na wa ugonjwa wakijifunza kuistahimili. Dawa za bakteria zitolewe kwa kipimo cha daktari, ndani ya beseni la wagonjwa, si ndani ya tangi kuu.

Tumbo likivimba, angalia kwanza ulichomlisha. Tropheus, aina ya siklidi wa Tanganyika, hukwangua mwani kwenye mawe. Ukimlisha nyama na minyoo kila siku anakataa chakula, anatoa kinyesi cheupe cha nyuzi, kisha anafura. Mpe chakula cha majani na mwani. Samaki wowote wape kile wanachomaliza kwa dakika mbili tu.

Kila samaki mgeni akae wiki tatu hadi nne kwenye tangi lake, mwenye wavu wake na ndoo yake. Ukiwa na mchubuko mkononi usiuingize majini bila glavu, kwani wapo bakteria wa samaki, jamii ya kifua kikuu, wanaotia kidonda sugu kwenye ngozi ya mtu. Samaki aliyekufa mfukie, na maji ya wagonjwa yamwage kwenye udongo mbali na mto, ziwa au mfereji unaokwenda huko.