Gombaneni, Msinuniane: Mwongozo kwa Wapangaji wa Nyumba Moja

Nyumba ya kupanga isiyosikika ugomvi hata siku moja mimi naiogopa. Nasimamia nyumba ya familia yetu huku Tandika, Dar es Salaam: vyumba sita, mita moja ya umeme, bomba moja, choo kimoja, na kamba ya nguo inayokatiza uwani mbele ya milango yote. Watu waliobanana hivyo, kila mmoja na malezi ya kwao, lazima wakwaruzane. Wakizozana kwa sauti, najua bado wanataka kukaa pamoja. Wakinuniana, haupiti muda mmoja wao anaonekana na dalali mtaa wa pili, na kinyongo chake anakirithi mpangaji mpya asiyejua hata kilianzia wapi. Basi nitakayoeleza hapa ni namna ya kuuendesha ugomvi. Kuuzuia sijui kunafanywaje.

Anza kwa kuutambua ukiwa bado umejificha. Salamu za asubuhi zinafupika. Mtu anaanza kuoga saa tano usiku ili asipishane na mwenzake koridoni. Zamu ya kufagia inafanywa, lakini taka zinaishia mlangoni kwa mtu. Halafu zinakuja kanga. Ukiona "Hasidi hana sababu" imeanikwa upande wa maandishi, na imekauka tangu mchana lakini jioni bado iko pale pale imeelekea chumba namba tatu, hiyo ni barua. Ubaya wake ni kwamba inasema nimeumia bila kusema nimeumizwa na nini, na chumba namba tatu naye atajibu kwa kanga yake. Usingoje majibu. Nenda kwa mwenye kanga, kaa naye, umuulize kitu kimoja tu: jambo lenyewe ni lipi?

Hapo ndipo kazi ilipo, kulitenga jambo na mtu. Nyumba nyingi jambo ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo niikalie hiyo.

Watu hawagombani kwa sababu umeme umeisha. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anaamini anamlipia mwenzake. Na kwa kawaida mshitakiwa ni yule mwenye kitu kinachosikika. Kwetu alikuwa mama wa televisheni, maana tamthilia zake tunazifuata sote kupitia ukutani. Chukueni karatasi, mpite chumba hadi chumba, msome wati zilizoandikwa nyuma au chini ya kila kifaa. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, basi. Televisheni ya wati 60 ikiwaka kwa saa 5 imekula wati 300 za saa, chini ya theluthi ya uniti. Hita ya kuzamisha kwenye ndoo, ya wati 1500, kwa dakika 20 tu imekula wati 500 za saa, nusu uniti. Hita haina sauti, na mwenyewe anaamka alfajiri, hakuna anayemwona. Pasi ya wati 1000 ya fundi cherehani ikiwaka kwa saa mbili inaweza kufika uniti mbili. Chumba chenye taa moja ya wati 10 na chaji ya simu hakimalizi hata uniti tatu kwa mwezi, na ndicho kinachochangishwa sawa na wengine!

Hesabu hiyo isomwe mbele ya watu wote, si kunong'onezwa. Utaona sura zinabadilika. Aliyelaumiwa anapata pumzi, aliyekuwa kimya anaanza kujitetea, na mabishano sasa ni ya namba. Hayo yaacheni yachemke. Friji ndiyo itawasumbua, kwa sababu inajizima na kujiwasha yenyewe, karatasi haiwezi kuifuata. Mwenye friji afungiwe mita yake ndogo na fundi wa umeme anayeeleweka, mambo yaishe.

Kikao kiitwe na mtu mmoja, kwa mdomo, mlango kwa mlango. Usimtume mtoto, na usiandike kwenye kundi la WhatsApp, maana huko mtu anaupokea ujumbe akiwa kazini, anausoma kwa sauti ya hasira yake mwenyewe, na jioni anarudi ameshajiandaa. Jumapili alasiri, nguo zikishaanuliwa, ni saa nzuri. Mwisho wa mwezi hapana. Wote wakae chini kwenye mkeka, na mimi msimamizi pia. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki unageuka hakimu. Mgeni wa nyumba azungumze mwanzo na mkongwe azungumze mwisho, la sivyo mgeni atakubaliana na mkongwe tu kwa adabu, kisha atakwenda kulalamika gengeni. Anayesema "wewe kila siku" aulizwe siku gani. Anayefukua ya mwaka juzi akatwe kauli, hata kama ni shangazi yako. Kwangu anayefukua mara nyingi ni shangazi yangu.

Kama nyumbani kuna watani, watumieni. Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa yao ya zamani ya kutaniana, ya enzi za misafara ya kwenda pwani. Msibani mtani anawazuia wafiwa njia mpaka apewe chochote, na papo hapo anaitaja tabia ya marehemu ambayo ndugu hawathubutu kuitaja, watu wakacheka huku wanalia. Nadhani wazee walijua kuna maneno lazima yatoke, wakayatafutia mdomo usiokatazwa. Kwetu ni baba wa Kinyamwezi aliyemwambia jirani yake Mzaramo kwamba choo kikifika zamu yake kinapata likizo. Akakisugua kesho yake, hakununa. Ila asiye mtani akisema hayo hayo ni matusi, msijaribu.

Si kila kelele ni ugomvi wa kuitishiwa mkeka. Kipigo si ugomvi. Mtu akipigwa chumbani, au mtoto akiumizwa, hakuna cha kusikiliza pande mbili: nendeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto ipo namba 116, piga bure. Mke na mume waliofikia kutaka kuachana nao si wa kikao cha uwani. Sheria ya Ndoa ya 1971 imewawekea baraza la usuluhishi, na kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza hilo halijathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Yaliyobaki, yakiwashinda, mjumbe yupo, na mwenyekiti wa mtaa yupo.

Mkikubaliana, andikeni siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya mmoja wa waliokuwa wakizozana, si yangu. Chumba gani kinachangia uniti ngapi, zamu za choo, mwisho wa muziki saa ngapi usiku. Bandikeni nyuma ya mlango wa koridoni. Mpangaji mpya asomewe karatasi hiyo kabla hajatoa kodi ya miezi sita, na akiwa na la kupinga apinge hapo, mbele ya wenzake. Chini kabisa iandikwe tarehe ya kikao kijacho, na chumba kitakachotoa mkeka.